Wapangaji Wawili wa Diski Moja

Fundi wa kompyuta wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, hupokea laptopu ya mtumba yenye kibodi ya Kifaransa, na kabla hajaifunua mteja ameshauliza: mafaili yangu yatapona? Windows imekwama, haivuki nembo yake. Fundi hagusi bisibisi. Anachomeka flashi yenye Linux, anaiwasha mashine kutoka humo, na baada ya dakika chache anaingia katika ile sehemu ambayo Windows ya Kifaransa huiita Disque local D. Picha za harusi zipo, barua za kuomba kazi zipo, tasnifu ya chuo ipo. Anazihamishia zote kwenye diski ya nje, ndipo anafuta C na kupiga Windows upya.

Ukimtazama utadhani Linux na Windows walielewana tangu mwanzo. Wapi! Kuikata diski vipande ili mifumo miwili ikae pamoja kumewezekana tangu 1983. Lakini mfumo mmoja kuingia upande wa mwenzake na kuandika humo bila kuharibu kitu, hilo lilichukua zaidi ya miaka 20, na kazi yake ilifanywa karibu yote na upande mmoja.

Machi 1983 IBM ilitoa PC XT, kompyuta yake binafsi ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu ndani. Diski ilikuwa ya megabaiti 10. Picha chache za simu ya leo zingeijaza. Iliambatana na mfumo wa PC DOS 2.0 na programu ya kuikata diski iitwayo FDISK. Wahandisi walijua kwamba mnunuzi angeweza kutaka mfumo mwingine kando ya DOS, CP/M-86 kwa mfano, au Xenix, wakatenga mahali pa kuandika nani anakaa wapi.

Mahali penyewe ni padogo ajabu. Sekta ya kwanza kabisa ya diski ina baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni za programu fupi ya kuwashia. Zinafuata baiti 64 za jedwali, yaani mistari minne ya baiti 16 kila mmoja, na mwishoni baiti mbili za kuthibitisha kwamba sekta ni halali: 55 na AA. Kila mstari unataja kipande kinaanzia wapi, kina urefu gani, na kwa baiti moja tu, ni cha aina gani. Namba 07 ni NTFS ya Windows, 83 ni Linux, 82 ni nafasi ambayo Linux huitumia kumbukumbu ikielemewa. Mistari ni minne, basi vipande vikuu haviwezi kuzidi vinne. Na kwa kuwa hesabu ya sekta iliandikwa kwa biti 32, jedwali haliwezi kufika mbali zaidi ya terabaiti 2 na kidogo. Mwaka 1983 nani angewaza terabaiti?

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutia viraka. FAT16, mpangilio wa mafaili uliokuja na DOS 3.0 mwaka 1984, haikuweza kushika kipande kilichozidi megabaiti 32. Mwaka 1987 DOS 3.3 iliruhusu kimoja kati ya vipande vinne kikatwe tena ndani kwa ndani, na herufi D, E, F zikapata kazi. Mwenye diski ya megabaiti 40 hakuwa na hiari, ilibidi aigawe. Kizuizi kile kiliondoka zamani, mazoea yakabaki: C ni ya Windows, D ni ya maisha ya mtu. Kwa maoni yangu hakuna kasoro ya kale iliyowaokoa watu wengi kuliko hiyo.

Linux yenyewe ilizaliwa ndani ya diski iliyogawanywa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa akiandika mfumo wake mpya huku akitegemea mfumo wa Minix kwenye kipande kingine cha diski ileile. Siku moja alitaka kompyuta ipige simu chuoni kwa modemu. Kwa bahati mbaya amri za kupiga simu alizielekeza kwenye diski badala ya modemu, zikaandikwa juu ya kipande cha Minix na kukiharibu. Angeweza kuiweka Minix upya. Hakufanya hivyo, aliona mfumo wake umefikia mahali pa kujitegemea, akasonga mbele nao.

Linux ya awali iliazima mpangilio wa mafaili wa Minix, uliokomea megabaiti 64. Mfaransa Rémy Card akaandika ext mwaka 1992, na mwaka uliofuata ext2, ambayo ilitumika kwa miaka mingi. Kuchagua mfumo wakati wa kuwasha ilikuwa kazi ya LILO ya Werner Almesberger. LILO ilikuwa na masharti: kiini cha Linux kikikaa mbali sana ndani ya diski, haikukiona. Ndiyo sababu wakongwe hadi leo wanatenga kipande kidogo mwanzoni mwa diski hata pasipo haja. Baadaye GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, ilichukua nafasi yake, nayo ndiyo ile orodha inayotokea kwenye skrini kabla ya Windows au Linux kuanza. Kwa watu wa Bujumbura ina kero yake ndogo: kwa kawaida inasoma kibodi kana kwamba ni ya Kiingereza, hivyo ukibonyeza A ya kibodi ya Kifaransa inaandika Q.

Upande wa Microsoft mambo yalikwenda kwa njia mbili. Windows za nyumbani zilibaki na FAT, na Agosti 1996, katika toleo la pili la Windows 95 lililokuja limeshawekwa kwenye kompyuta mpya, ikaja FAT32. Wiki chache kabla yake, tarehe 31 Julai, nchi jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo vya biashara baada ya mapinduzi yaliyomrudisha Pierre Buyoya madarakani, na havikusitishwa hadi Januari 1999. Wakati dunia inahamia kwenye diski kubwa, Burundi ilikuwa inahesabu lita za mafuta.

Njia ya pili ilikuwa NTFS, iliyotoka na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Ilikuwa imara kuliko FAT: ilijua nani ana haki ya kufungua faili gani, na iliweka daftari la mabadiliko ili umeme ukikatika ijue ilipoachia. Windows XP ya 2001 iliifikisha majumbani. Hapo ndipo shida ilipoanza. Microsoft haikuchapisha maelezo kamili ya namna NTFS inavyopanga vitu ndani yake. FAT ilikuwa rahisi kuisoma, Linux iliijua tangu siku za mwanzo. NTFS ilibidi ichunguzwe baiti kwa baiti na watu wa kujitolea, wakikisia maana ya kila namba.

Kusoma waliweza mapema. Kuandika kulikuwa kamari. Dereva ya NTFS iliyokuwamo ndani ya kiini cha Linux mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo Anton Altaparmakov aliifanyia kazi kubwa, iliruhusu kubadilisha yaliyomo katika faili lililopo bila kugeuza ukubwa wake. Kuunda faili jipya? Hapana. Fikiria unahariri barua na huruhusiwi kuongeza hata herufi moja.

Basi watu wakabuni njia ya pembeni: vipande vitatu. Cha kwanza NTFS cha Windows, cha pili ext3, mrithi wa ext2, cha Linux, cha tatu FAT32 katikati, ambamo wapangaji wote wawili waliweza kuingia. Njia hiyo ilifanya kazi hadi mtu alipotaka kuhifadhi filamu ya DVD nzima katika faili moja. FAT32 haikubali faili lenye gigabaiti 4 au zaidi.

Aliyefungua mlango ni Mhungaria Szabolcs Szakacsits. Alikuwa tayari ameandika ntfsresize, programu ya kupunguza kipande cha NTFS bila kupoteza kilichomo, ambayo bila hiyo watu wengi wasingethubutu kuweka Linux kando ya Windows. Julai 2006 alitangaza NTFS-3G, na Februari 2007 toleo la kwanza imara likatoka. Dereva hii haikukaa ndani ya kiini cha Linux. Iliendeshwa nje yake, kama programu nyingine yoyote, kwa kupitia FUSE, daraja la kuendeshea mipangilio ya mafaili nje ya kiini. Ilikuwa na mwendo wa pole kiasi. Lakini iliandika, iliunda, ilifuta, na Windows ilipowashwa kesho yake ilikuta kila kitu sawa. Fundi wa Kanyosha anaponakili kwenda na kurudi bila wasiwasi, ni kazi hiyo anayoitumia, au mrithi wake: dereva ya kampuni ya Paragon iliyoingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.15 mwishoni mwa Oktoba 2021.

Wakati huohuo Linux ilikuwa inasambaa kwa CD. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ilikuwa ikituma CD kwa posta popote duniani bila malipo, huduma iliyofungwa mwaka 2011. Kwa nchi iliyotegemea setilaiti kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, kupakua megabaiti 700 hakukuwa jambo la kuanza jioni ukatarajia limalizike asubuhi. Mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoweza kuwekwa Linux na Windows vilevile.

Kuna jambo jingine linaloifanya historia hii iwaguse watu wa mji wa kukatika umeme. Ext2 haikuwa na daftari la mabadiliko. Umeme ukienda ghafla, kompyuta ilipowashwa tena ilianza kukagua diski nzima, na mtu alikaa akitazama asilimia zikipanda. Ext3, iliyoingia rasmi katika Linux mwaka 2001 kwa kazi ya Stephen Tweedie, iliongeza daftari hilo. Ukaguzi ukawa wa sekunde. Ext4 ya 2008 ikaendeleza.

Jedwali la baiti 64 nalo lilifikia ukomo. Diski zilipovuka terabaiti 2, nafasi yake ilichukuliwa na GPT, sehemu ya mpango wa kuwashia ulioanzishwa na Intel na baadaye kuitwa UEFI. GPT kwa kawaida ina nafasi ya vipande 128, na aina ya kila kimoja huandikwa kwa baiti 16 badala ya moja. Aina zote hizo, na bado Linux kwa miaka kadhaa ilitumia namba ileile ya data za Windows! Windows ilipokuta kipande hicho ilidhani ni chake, ikashindwa kukisoma, ikamwambia mtumiaji kwamba diski inahitaji kufomatiwa, je, aendelee? Aliyebonyeza ndiyo alipoteza Linux yake yote. Baadaye Linux ilipewa namba yake yenyewe, lakini onyo lile bado linatokea kwa diski zilizogawanywa zamani, na jibu lake ni moja: funga dirisha.

Windows 8 ya Oktoba 2012 ilileta tatizo jipya bila kukusudia. Ili iwake haraka, ukiizima haizimiki kabisa. Inahifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski na kulala. Linux ikija inakuta NTFS iko katikati ya kazi, na kwa busara inakataa kuandika, au inakataa kuifungua. Watu huja kwa fundi wakidai diski imekufa. Dawa ni kuingia Windows na kuchagua kuwasha upya badala ya kuzima, au kuandika humo amri powercfg /h off na kuukomesha usingizi huo kabisa. Saa nayo ina kisa chake: Linux huiweka saa ya mashine kwa wakati wa Greenwich, Windows huisoma kuwa ni saa ya mahali ulipo. Bujumbura iko saa mbili mbele ya Greenwich, hivyo anayetoka Linux kuingia Windows hujikuta amerudi saa mbili nyuma.

Je, Windows nayo ilijifunza kusoma upande wa Linux? Kwa sehemu, na kwa kuchelewa. Tangu Windows 11 inaweza kufungua kipande cha ext4, lakini inafanya hivyo kwa kuendesha kiini halisi cha Linux ndani yake. Agosti 2024 ikatokea kinyume: sasisho la usalama la Microsoft, ambalo kampuni ilisema halikukusudiwa mashine zenye mifumo miwili, liliwazuia watu wengi kuwasha Linux zao.

Sasa kinachokuja Kanyosha ni laptopu za mtumba ambazo Windows 11 haizikubali kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 au kwa prosesa ya zamani, ilhali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hizo ndizo zinazogawanywa diski zaidi. Zile mpya zina ukuta mwingine. Windows 11 ikiwekwa upya kwa toleo la 24H2 la mwaka 2024, na mtumiaji akaingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi huifunga diski kwa fumbo yenyewe. Flashi ya Linux inaona kipande kipo, inaona ukubwa wake, na inaomba ufunguo wa tarakimu 48. Linux inajua kuutumia tangu programu yake ya cryptsetup 2.3 ya mwaka 2020. Ufunguo wenyewe umehifadhiwa katika akaunti iliyofunguliwa siku laptopu ilipowashwa mara ya kwanza, mara nyingi kwa anwani ya barua pepe iliyotungwa haraka dukani ili mashine ikubali kuendelea, na ambayo mteja haikumbuki tena.