Mingiedi wa Kinshasa na Likembe ya Umeme

Katika vitabu vinavyosimulia asili ya ala za muziki za umeme, msomaji hukutana na majina yale yale: Lev Termen, Mrusi aliyetengeneza mnamo mwaka 1920 ala inayotoa sauti bila ya kuguswa, kwa mikono kupitishwa hewani tu, Maurice Martenot, Mfaransa aliyeidhihirisha ala yake mjini Paris mwaka 1928, Laurens Hammond, ambaye kinanda chake kiliingia sokoni Marekani mwaka 1935, na Robert Moog, aliyeunda mtambo wake wa kwanza wa kuzalisha sauti mwaka 1964. Hao wote wastahiki heshima waliyopewa. Lakini Mingiedi Mawangu, dereva wa lori wa Kinshasa aliyeitia umeme likembe, ala ya ndimi za chuma, aghalabu hatajwi kabisa, au akitajwa huwekwa katika mlango wa mambo ya ajabu wala si katika mlango wa mafundi. Na sisi tukaao Gisenyi, ambao likembe ilitufikia zamani ikageuka ikembe ya Wanyarwanda, tuna haki na wajibu wa kulisema jambo hilo wazi.

Ikembe si ala ya asili ya Rwanda kama ilivyo inanga, ala ya nyuzi ambayo ilipigwa mpaka barazani kwa mfalme, Mwami. Wataalamu wa muziki wa Afrika, akiwamo Gerhard Kubik, wameeleza kwamba likembe ilizaliwa pande za chini za mto Kongo, kisha katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20 ikapanda pamoja na wapagazi, mabaharia wa meli za mtoni na vibarua wa serikali ya Kibelgiji, hata ikafika Uganda kwa Waaluri, Waacholi na Wasoga, na huku kwetu Rwanda na Burundi. Ni ala ya msafiri: yabebwa mkononi, yapigwa kwa vidole gumba viwili, na mwenye nayo aweza kuimba huku akienda zake njiani. Umbo lake lafaa kutazamwa kwa makini. Kijisanduku cha mti mwororo huchimbwa kwa ubavuni na kuzibwa kwa kibao na nta. Juu yake hupangwa ndimi za chuma, zilizofuliwa mara nyingi kwa misumari au spoku za baiskeli. Nyuma huachwa tundu dogo, ambalo mpigaji hulifunika na kulifunua kwa kidole ili sauti ipate kutikisika. Na katika mashina ya ndimi huviringishwa vipete vya waya mwembamba, navyo havina kazi nyingine ila kuvuma kama nyuki kila ulimi unapoguswa.

Vipete hivyo ninaomba msomaji avihifadhi moyoni, maana ndivyo vitakavyotufahamisha kazi ya Mingiedi.

Mingiedi alikuwa Mzombo, mtu wa kabila ambalo nchi yake imekatwa na mpaka wa Kongo na Angola. Wazombo walikuwa na muziki wao mkuu wa pembe za ndovu, kila mpigaji akitoa sauti moja kwa zamu yake, na kwa kupokezana huko ndipo wimbo ulipokamilika. Muziki huo Mingiedi aliuhamishia katika likembe, kazi ambayo peke yake ingetosha kumpa daraja la mtunzi; na alipokwisha kuunda kikundi chake katika miaka ya 1960, zama zile ambapo mji wa Léopoldville ulibadilishwa jina ukaitwa Kinshasa, alikabiliwa na shida ambayo babu zake kijijini hawakuijua. Mji ulikuwa umejaa makelele ya magari, ya mabaa na ya magitaa ya umeme yaliyokuwa yamekwisha kutawala rumba, na kijisanduku cha mkononi, kilichotosha kumliwaza mtu mmoja njiani, hakikuweza kusikika hata hatua chache katikati ya watu wanaocheza ngoma uwanjani.

Dawa yake aliitafuta katika vitu alivyovifahamu kwa kazi yake. Alichukua sumaku kutoka vipuri vya magari mabovu, akatengeneza kwa mkono wake vinasa sauti na kuvifunga katika likembe. Kanuni iliyomo humo ni ile iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: chuma kikitikisika karibu na sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya ule, ukienda na kurudi kwa kadiri ile ile ya mtikisiko wa chuma. Kwa hiyo ulimi wa likembe unapopigwa, hauitikisi hewa peke yake bali huandika mwendo wake katika waya, nao waya huupeleka kwenye amplifaya, na amplifaya huukuza mpaka ukajaza mtaa mzima. Ndiyo kanuni ya gitaa la umeme, ambayo George Beauchamp aliifanyia kazi huko California mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa na kiwanda nyuma yake. Mingiedi hakuwa na kiwanda. Aliunda likembe tatu za umeme, moja ya sauti nyembamba, moja ya kati na moja ya besi, na sauti zao akazitoa kwa vipaza sauti vya mdomo wa tarumbeta, ambavyo watu wa Kinshasa huviita lance-voix, mfano wa vile vilivyotumiwa zamani za Wabelgiji kuwatangazia raia amri za serikali.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi walioandika juu ya Mingiedi wamelipita mbio. Mitambo yake ilikuwa ikikwaruza: sauti ilipokuzwa kupita uwezo wa vifaa, ilipasuka na kuvuma, na fundi wa studio yoyote ya Ulaya angalihesabu kuwa hiyo ni kasoro ya kuondolewa. Mwanzo wa mkwaruzo huo haukukusudiwa. Lakini Mingiedi na wenzake walipousikia mkwaruzo ule hawakuukimbia, bali waliukaribisha na kuuendeleza, na sababu yake, kwa maoni yangu, imo katika vile vipete vya waya. Mvumo ni sehemu ya likembe tangu asili yake. Mpigaji wa ikembe wa hapa Gisenyi ambaye vipete vyake vimelegea huketi akavikaza mpaka virudie kuvuma, kwa kuwa sauti tupu isiyo na mvumo humwia kama chakula kisicho na chumvi. Umeme, basi, haukuiharibu likembe wala haukuigeuza kuwa ala ya kigeni. Uliikuza pamoja na tabia yake yote, mvumo na mlio vikaenda sanjari, na ndiyo maana muziki ule ulionekana kuwa mpya kabisa kwa watu wa Ulaya, ilhali Wazombo wa Kinshasa waliusikia kuwa ni wao.

Wala si ajabu kwamba mtu wa Afrika aliutia umeme mkononi na kuutumikisha kwa mambo ya kwao. Mwaka 1944, kabla ya Wafaransa kuanza muziki wao wa kanda, kijana wa Cairo aitwaye Halim El-Dabh alichukua mashine ya kunasia sauti juu ya waya, akarekodi ngoma ya zari, ya kupunga pepo, kisha akaichakata sauti hiyo mpaka ikawa kitu kingine. El-Dabh alisoma na kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, na leo vitabu vinamtambua. Mingiedi alikuwa dereva.

Sifa zilimchelewea sana. Mwaka 1978 kikundi chake, Konono Nº1, kilirekodiwa mjini Kinshasa na Mfaransa Bernard Treton, na rekodi hiyo ikatolewa Ufaransa katika miaka ya 1980. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, aliisikia sauti ile akashikwa nayo, akaenda Kinshasa kuwatafuta, na kwa muda mrefu asiwapate. Alipowapata alikwenda na kompyuta ya mkononi, akawarekodi pale pale penye vipaza sauti vyao badala ya kuwatia studioni, uamuzi ambao naona ulikuwa wa hekima kubwa. Sahani ya Congotronics ilitoka mwaka 2004. Mwaka 2006 idhaa ya BBC Radio 3 iliwatunukia tuzo yake ya muziki wa dunia katika fungu la wageni wapya, na wakati huo mzee Mingiedi alikuwa amepita umri wa miaka 70, na kikundi chake kilikuwa na takriban miaka 40. Mwaka 2007 walisikika katika sahani ya mwimbaji Björk, na mwaka 2011 wimbo ambao mpiga piano Herbie Hancock aliurekodi pamoja nao na waimbaji wengine ulipata tuzo ya Grammy.

Katika sifa zote hizo lilijirudia neno moja ambalo linanikera, nalo ni takataka: kwamba hawa ni watu waliofanya muziki kwa takataka za jalalani. Sumaku iliyotolewa katika gari bovu ni sumaku kamili, nguvu yake haikupungua kwa sababu gari limekufa, na mtu anayejua ni kipuri gani kinayo, aizungushie waya vipi, aiweke umbali gani na ulimi wa chuma ili isiuzuie kutikisika, huyo ameshika ilimu. Mafundi wa redio wa Majengo hapa Gisenyi, na wale wa ng'ambo ya pili ya mpaka huko Goma, walifahamu vizuri jambo hili, maana siku zote kazi yao imekuwa kutoa uhai katika chombo kimoja na kuutia katika kingine. Asilani wateja wao hawakuwaita waokota takataka. Termen naye alitumia valvu za redio zilizokuwa zimetengenezwa kwa kazi nyingine, na hakuna aliyemtafutia jina la kumpunguzia cheo.

Mingiedi alifariki mwezi wa Aprili 2015, akiwa na umri wa miaka ipatayo 85. Mwanawe, Augustin Makuntima Mawangu, aliyekuwa amekwisha kuishika likembe kuu katika uhai wa babake, aliwaongoza wenzake kwenda Lisbon kurekodi sahani mpya, ndani ya gereji, na msanii aitwaye Batida, mzaliwa wa Angola aliyelelewa Ureno, nayo ikatoka mwaka 2016. Hivyo muziki wa Wazombo, ambao mpaka wa wakoloni uliugawa mafungu mawili, Kongo na Angola, ulikutanisha pande zake mbili katika gereji moja ya Ulaya, na likembe za umeme zikiwa zimewashwa.