Kalibu, Wala Si Mwandiko

Waraka wa mwongozo wa kuandika tasnifu umenifikia hapa Sumbawanga ukiwa na mhuri na saini, na kipengele chake kimoja kinataka kazi zote ziandikwe "kwa mwandiko wa Times New Roman, ukubwa wa 12". Mwandiko! Mwandiko ni wa mkono wa mtu. Mwalimu wa darasa la kwanza humgombeza mtoto kwa mwandiko mbaya. Karani wa zamani aliajiriwa kwa mwandiko wake. Hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ina mwandiko. Times New Roman haina mkono. Ilibuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London chini ya usimamizi wa Stanley Morison, ikaanza kutumika mwaka 1932, na tangu siku hiyo herufi yake a ya kwanza na ya milioni ni ileile. Ukiiita mwandiko, umefuta tofauti yenyewe iliyofanya uchapaji uwe uchapaji.

Wanakamati walioketi wakalipitisha neno hilo siwajui kwa majina, na hata ningewajua nisingewataja. Posho ya kikao haiandikwi mtu usoni. Lipo kundi la pili, la wale wanaosema "fonti" na kwenda zao. Hawa siwachukii. Fonti ni neno la wavivu, lakini angalau si la waongo.

Tena fonti ina historia nzuri ambayo wanaoitamka hawaijui. Asili yake ni Kifaransa, fonte, kutokana na kitenzi fondre, yaani kuyeyusha. Johannes Gutenberg, kule Mainz, karibu na mwaka 1450, hakugundua uchapaji kwa maana ya kugandamiza karatasi kwenye wino. Wachina na Wakorea walikuwa wameshafanya hivyo. Alichokileta ni namna ya kutengeneza herufi nyingi zinazofanana. Herufi ilichongwa kwanza kwenye ncha ya chuma kigumu, ncha ikagongwa kwenye kipande cha shaba ikaacha alama, alama ile ikafungwa ndani ya kifaa cha mkononi, kisha risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni ikamiminwa humo. Ikipoa, herufi imetoka. Fonti ilikuwa mkusanyo wote uliomiminwa hivyo, wa sura moja na ukubwa mmoja.

Sasa nauliza: Kiswahili kilikosa nini hapo? Kuyeyusha madini na kuyamimina ili yapate umbo ni kusubu. Kifaa cha kumiminia ni kalibu. Maneno haya sikuyatunga mimi. Kamusi za zamani zimeyasajili, na watu wa Pwani walikuwa na kalibu ya risasi kabla mwanakamati yeyote hajazaliwa. Tena risasi kwetu ni ile ya bunduki na ni yale madini yenyewe, madini yaleyale yaliyobeba herufi za vitabu kwa karne tano.

Kalibu tumeipata kwa Waarabu, kwao ni qalib. Wanaofuatilia asili za maneno husema Waarabu nao waliipata kwa Wagiriki, kalopous, mguu wa mti, yaani kile kibao chenye umbo la mguu ambacho fundi hushonea kiatu. Kutoka Uarabuni neno likavuka bahari hadi Italia, likawa calibro, likaingia Ufaransa na Uingereza kupima mdomo wa mzinga, kisha likazaa kitenzi cha kurekebisha vipimo vya mitambo. Na kutoka kitenzi hicho, ndugu msomaji, Microsoft wakaipa jina Calibri, ile fonti ya Mholanzi Lucas de Groot iliyokuwa ikifunguka yenyewe kwenye Word kuanzia toleo la 2007 hadi ilipopokewa na Aptos mwaka 2023. Barua za ofisi zetu zote za miaka hiyo, za kuomba likizo na za kunyimwa likizo, zilichapwa kwa kitu ambacho jina lake ni kalibu. Kamati ililiona neno hilo kila asubuhi kwenye kioo cha kompyuta, ikaenda kuchagua mwandiko.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba neno hili linafaa leo kuliko lilivyofaa enzi za risasi. Zamani mpiga chapa aliuziwa vilivyosubiwa: sanduku la vipande vya ukubwa wa 10, sanduku jingine la ukubwa wa 12. Leo hatununui tena kilichosubiwa. Faili ya fonti haibebi vipande vya herufi. Inabeba maelekezo ya mistari na mikunjo, na kompyuta ndiyo inayosubu kila unapobonyeza. Donald Knuth wa Stanford alilionyesha hili mapema. Majaribio ya chapa ya kitabu chake yalimchukiza mwaka 1977, akatunga TeX ya kupanga kurasa na Metafont ya kuchora herufi, na katika Metafont ukibadilisha namba chache alfabeti nzima inanenepa au inakonda. PostScript ya Adobe ikafuata mwaka 1984, TrueType ya Apple mwaka 1991. Kwa kalibu hiyohiyo unasubu tanbihi na unasubu bango la kupokea Mwenge.

Mhadhiri mmoja ninayemheshimu, anayefundisha falsafa ya data, ananiambia kuwa faili ni data tupu, kwamba data haina tanuri wala moto, kwa hiyo kalibu ni sitiari na sitiari haifai kuwa istilahi. Hoja safi, kwa mtu ambaye hunitumia "kabrasha" nikalifungue kwenye "dirisha". Sheria ya Marekani imeona asichokiona yeye: umbo la herufi halilindwi kwa hakimiliki, ila programu inayolichora hulindwa. Umbo ni mbali, kalibu ni mbali.

Kwetu Ufipa nimeshambuliwa kutoka upande wa pili. Wapo wenzangu waliotaka kitu hiki kiitwe ilungu, kwa heshima ya yale matanuri marefu ya wahenga wetu ambayo mengine bado yamesimama Nkansi. Fahari yao naielewa. Malungu yale, ya udongo wa vichuguu, marefu kumpita mtu, yalivuta upepo yenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto, na padri Wyckaert wa White Fathers aliyaandikia mwaka 1914 katika jarida la Anthropos. Lakini chuma cha Ufipa hakikusubiwa. Kilitoka ndani ya ilungu kikiwa bonge lenye takataka, kikasafishwa kwenye tanuri dogo la mivukuto, kisha kikafuliwa kwa nyundo kuwa jembe. Hakuna kalibu hapo. Istilahi haitolewi kama zawadi ya kabila, hata likiwa langu, na walioninunia kwa hilo waendelee kuninunia.

Pingamizi lililoniudhi kweli ni jepesi kuliko yote. Eti nyanda za juu l na r zinabadilishana viti, kwa hiyo ukisema "kalibu" mtu wa Sumbawanga atavuta kiti na kusubiri chai. Lilisemwa kwenye kikao kimoja, watu wakacheka, hoja yangu ikafa kwa kicheko. Mbona "kura" na "kula" zote zimo kwenye Kiswahili chetu na uchaguzi unafanyika?

Matumizi si magumu. Times New Roman ni sura. Faili yake ni kalibu. Kuitia ndani ya waraka ni kupakia kalibu. Kijana wa steshenari jirani na stendi alifungua mbele yangu kadi ya mchango wa harusi iliyosanifiwa Dar es Salaam. "Mzee, hii fonti kwenye mashine yangu haipo," akasema, na mashine ikajichagulia nyingine: majina ya wanakamati yakashuka mstari, namba ya mweka hazina ikakatika katikati, sifuri huku na tarakimu nyingine kule. Nikamwambia waombe waitume upya kalibu ikiwa imepakiwa, au waitume kama PDF. Akaelewa papo hapo, bila semina wala posho.

Herufi nzito na ziitwe nzito, hilo halina ugomvi. Kuhusu "italiki", wakati tunayo mlazo, sisemi kitu; nasikia ina kamati yake.