Madhara ya dawa kwenye ubongo na neva

Madaktari wa Uvira, mashariki mwa Kongo, waliosoma kwa Kifaransa, huita nerotoksisite ubaya ambao dawa huufanyia ubongo na neva. Ukiifasiri kipande kwa kipande utapata "sumu ya neva", tafsiri nisiyoikubali. Mjini humo, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, sumu ni neno zito. Watu wa Kivu ya Kusini wanaogopa karuho, sumu ambayo inasemekana mtu hulishwa na jirani au hata ndugu yake. Muuguzi akitamka "sumu" mbele ya familia ya mgonjwa anayeweweseka, wataanza kuulizana nani kamlisha, na huenda wakamtoa wodini usiku huohuo wampeleke kwa mganga akatapishwe. Ndiyo maana nasema "madhara ya dawa kwenye ubongo na neva". Ni refu, lakini linataja kilichodhuru na mahali palipodhurika.

Istilahi hii inahitaji uangalifu zaidi kwenye dawa za kuvu. Mwenye homa ya uti wa mgongo ya kuvu ya kriptokoka, ambaye mara nyingi kinga yake imeshuka kwa UKIMWI, hufika chumba cha dharura kichwa kikimpasuka na maneno yakimvurugika. Hizo ni dalili za ugonjwa. Dawa bado hajaionja. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Amfoterisini ikiingia mshipani, mgonjwa anaweza kutetemeka hadi kitanda kikalia. Ukimwita akaitika, kwa kawaida hiyo si degedege.

Flukonazoli nayo hulizuia ini kuvunjavunja fenitoini, dawa ya kifafa. Anayezimeza zote mbili anaweza kujaa fenitoini: macho yanachezacheza, ulimi unakuwa mzito, akisimama anayumba. Hayo ndiyo madhara ya neva hasa, na yameletwa na dawa mbili kukutana. Vorikonazoli, dawa nyingine ya kuvu, huweza kumletea mtu maruweruwe, neno letu zuri la kuona visivyokuwapo.

Tusiivute istilahi kupita mpaka wake. Flukonazoli ikikutana na kwinini ya malaria, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, na mtu akaanguka ghafla kama mwenye kifafa. Huyo apimwe moyo kwanza.