Herufi nene za Bwana Cooper



Mwaka juzi nilipewa kazi ya kupanga karatasi ya khitma ya mzee wetu mmoja hapa London. Nilikuwa na haraka, nikachagua herufi nene nilizozikuta ndani ya kompyuta, nikazikuza, nikatoa nakala 200. Jioni akanipigia simu bi mkubwa mmoja: "Mwanangu, hii khitma au harusi?" Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kuzipekua herufi hizi, zimetoka wapi.

Kumbe zina mwenyewe. Zinaitwa Cooper Black, na aliyezichora ni Oswald Cooper, mzaliwa wa Ohio, mwaka 1879. Alikwenda Chicago kusomea uchoraji, akawa mwanafunzi wa Frederic Goudy, fundi mkubwa wa herufi. Mwaka 1904 akafungua ofisi pamoja na Fred Bertsch: Bertsch kusaka wateja, Cooper kuchora. Kazi yao ilikuwa matangazo ya biashara, basi si ajabu herufi zenyewe zina sauti ya mwenye duka anayekuita uingie ndani.

Kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler, hapo hapo Chicago, kilizitoa kwa risasi mwaka 1922. Wachapaji wahafidhina walizipigia kelele, lakini ziliuzwa mno. Cooper mwenyewe alizitania, akasema zinawafaa wachapaji wenye kuona mbali ambao wateja wao hawaoni mbali!

Hebu itazame ile o. Tundu lake limelala nyuma kidogo, kama mtu aliyeshiba akaegemea kiti. Miguu ya herufi haina ncha kali hata moja, yote imeviringwa kama maandazi. Wino mwingi, nafasi ndogo. Ukiandika maneno mawili matatu kwa ukubwa, yanakufikia kutoka ng'ambo ya barabara. Ukizipunguza, matundu ya a na e yanazibika, na Kiswahili chetu jamani kimejaa a tupu. Andika "anakaanga" kwa herufi ndogo za Cooper Black uone. Wasifu wa marehemu, niliokuwa nimeubana chini ya karatasi ile, haukusomeka. Hilo lilinichoma kuliko lile la harusi.

Miaka ya 1960 zilirudi kwa nguvu, maana karatasi za herufi za kusugua zilimwezesha mtu yeyote kuzitumia bila mtambo. Zimo kwenye jalada la santuri ya Beach Boys, Pet Sounds, ya mwaka 1966. Na kila anayesafiri kutoka Luton amezisoma ubavuni mwa ndege za easyJet, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1995. Mahali pake hasa ni hapo: jina fupi, rangi kali, mambo ya furaha.

Karatasi ya arobaini niliipanga upya kwa herufi nyembamba, wasifu wote ukasomeka. Za Cooper nikaziweka hadi Idi, bango la watoto, maneno mawili tu: IDI MUBARAK. Bi mkubwa yule aliomba nakala, kaibandika mlangoni kwake.