Mji gani wa Australia? Mambo ya kujua kabla ya safari na baada ya kufika

Familia nyingi za Kivu, Ituri na Tanganyika zina mtu aliyepelekwa Australia kutoka kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au Dzaleka. Wengine bado wanangoja: dosie iko mbele, mahojiano yamepita, daktari amekwisha kuwapima. Katika kungoja huko swali hugeuka. Mwanzoni lilikuwa "tutaenda lini?", sasa ni "tutakaa mji gani?" Majibu huja kwa simu kutoka pande zote. Mmoja anasifu Brisbane, mwingine anasema kazi ziko Melbourne, wa tatu anaonya juu ya Sydney. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa maana kila mmoja anaeleza maisha ya nyumba yake mwenyewe.

Kwanza, ukubwa. Australia inaipita Kongo zaidi ya mara tatu, lakini watu wake ni kama milioni 27 tu, na wengi wao wanakaa katika miji mitano: Sydney na Melbourne, ambayo kila mmoja una watu zaidi ya milioni 5, kisha Brisbane wenye zaidi ya milioni 2.5, Perth zaidi ya milioni 2, na Adelaide kama milioni 1.4. Canberra ndiyo mji mkuu lakini ni mdogo kuliko hiyo yote. Kutoka Sydney hadi Perth kwa barabara ni kilomita kama 3,900. Kwa hiyo kusema "nina ndugu Australia" hakutoshi. Ukiwa Brisbane na yeye akiwa Perth, mtaonana kwa ndege, au hamtaonana.

Nani huchagua

Kwa anayesafiri kwa viza ya ukimbizi, mji wa kwanza hupangwa na serikali ya Australia. Inatazama kama ana ndugu au rafiki kule. Jina na anwani ya mtu huyo, vikiandikwa katika karatasi, ndivyo huivuta familia upande wake. Asiye na mtu hupelekwa mahali penye nyumba na huduma, na mara nyingi huo ni mji mdogo ambao hajawahi kuusikia. Kwa viza inayoitwa 202 mambo ni tofauti kidogo: lazima awepo mtu au shirika lililoko Australia linalopeleka ombi kwa ajili yako, na kwa kawaida mtu huyo ndiye anayebeba mzigo wa tiketi na wa nyumba ya kwanza. Mji wake huwa mji wako.

Basi, kuchagua mji kunaanzia kambini, siku ile unapoulizwa kama una mtu Australia. Taja ndugu yako wa kweli, na kabla ya kumtaja, zungumza naye. Ana vyumba vingapi? Yuko tayari kuishi na watu saba kwa miezi mitatu? Kumtaja mtu usiyemjua kwa sababu tu mji wake unasifiwa ni kujifunga kwenye mlango usiojua kama utafunguliwa. Tena, hakuna komisionere anayeuza nafasi ya Sydney wala ya Melbourne. Huduma za UNHCR za kuwapeleka wakimbizi katika nchi ya tatu hazilipiwi hata franka moja. Anayedai dola ili "kubadilisha mji" ni mwizi.

Kuna pia wachache wanaokwenda kwa njia ya masomo au ya ufundi. Hao wajue kwamba viza ya ufundi iitwayo 491 inamtaka mtu aishi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Perth, Adelaide, Canberra na Hobart zinakubaliwa.

Mshahara ni mmoja, kodi si moja

Hapa ndipo penye uzito, na mara nyingi simu za ndugu hazipagusi. Sheria ya Australia inaweka mshahara wa chini kwa nchi nzima: Julai 2025 uliwekwa kuwa dola za Australia 24.95 kwa saa, yaani kama dola 948 kwa juma la saa 38, kabla ya ushuru. Mfagizi wa Sydney na mfagizi wa Adelaide wanaanzia mahali pamoja. Lakini nyumba zao hazina bei moja. Kodi kule huhesabiwa kwa juma, si kwa mwezi, na Sydney inajulikana kwa ukali wa bei za nyumba kuliko miji mingine mikubwa. Adelaide na Perth zilikuwa kimbilio la wenye kipato kidogo, lakini tangu mwaka 2021 kodi zake zimepanda kwa kasi, na asiye na habari mpya anaweza kukupa ushauri wa miaka ya zamani.

Garanti huwa ni kodi ya majuma manne. Hiyo si mbaya ukilinganisha na garanti za kwetu. Shida ni karatasi: wakala wa nyumba hutaka kuona hati za mshahara na barua ya aliyekupangisha zamani, na mtu anayetoka kambini hana hata moja. Anapogombania nyumba na watu thelathini wenye karatasi zote, hushindwa. Familia ya watu wanane inayohitaji vyumba vinne hushindwa zaidi. Kwa maoni yangu, familia kubwa yenye mfanyakazi mmoja isianzie Sydney, isipokuwa kama ndugu aliyeko huko amekwisha kupata nyumba, si ahadi ya nyumba.

Miji mikubwa, mmoja mmoja

Brisbane imewavuta Wakongomani wengi, hasa upande wa kusini, Logan, na upande wa magharibi, Ipswich. Katika mtaa wa Moorooka kuna maduka ya Waafrika ambapo unga na samaki wakavu hupatikana. Hali ya hewa haitamshangaza mtu wa Uvira au Kalemie, na hata mwezi wa Julai, ambao ndio wa baridi kule, hauumizi sana. Tangu Agosti 2024 tiketi ya basi au treni katika eneo hilo ni senti 50 tu, uende karibu uende mbali. Kwa mama anayekwenda darasa la Kiingereza kila siku huo ni msaada mkubwa. Kuna pia shule ya sekondari ya Milpera, inayowapokea vijana wageni ili wajifunze Kiingereza kabla ya kuingia shule za kawaida.

Melbourne ina kazi nyingi za maghala, viwanda na kutunza wazee, na Waafrika wengi wanakaa magharibi mwa mji na upande wa Dandenong. Lakini mji umetanuka sana: mtu anaweza kulala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Asubuhi za Julai hushuka hadi digrii 6 au 7.

Adelaide ni mji mtulivu, na wageni wengi hupanga upande wa kaskazini, Salisbury na Elizabeth. Ni mahali pazuri pa kulea watoto, ila kazi za viwandani si kama zamani. Kiwanda cha magari cha Elizabeth kilifungwa mwaka 2017. Wakati wa joto kuna siku zinazopita digrii 40. Perth inaishi kwa madini na ujenzi, na fundi wa chuma au dereva wa magari makubwa anaweza kufanya vema huko kuliko mahali pengine. Upweke wake ni umbali.

Miji midogo

Wakongomani wengi huogopa kupelekwa mji mdogo, wakidhani ni kutupwa. Historia haisemi hivyo. Mwaka 2005 familia chache za Wakongomani zilipelekwa Shepparton, mji wa matunda kaskazini mwa Melbourne, kama jaribio la serikali la kuwapokea wakimbizi nje ya miji mikubwa. Wengine walifuata baadaye, na leo wako pia Albury-Wodonga, Mildura, Toowoomba na kwingineko.

Albury na Wodonga ni miji miwili inayotazamana, katikati ukipita mto Murray, kama vile Bukavu na Rusizi zinavyotazamana. Tofauti ni kwamba hakuna mtu anayekuomba karatasi darajani. Hata hivyo kila upande ni jimbo lake, wenye mpango wake wa shule na ofisi yake ya kutoa permi. Toowoomba iko juu ya mlima, mita karibu 700, kilomita kama 125 kutoka Brisbane, na ina baridi kidogo.

Katika miji hiyo kodi kwa kawaida ni nafuu, shule iko karibu, na kazi za machinjio au za kuchuma matunda hazidai Kiingereza kingi. Lakini kazi za matunda zina msimu, zikiisha zimeisha. Mtoto wa miaka 16 ambaye hakusoma vizuri kambini anaweza kukosa shule maalum ya lugha kama ile ya Brisbane. Daktari bingwa anaweza kuwa mbali kwa saa tatu. Tena bila gari mtu amefungwa. Permi ya Kongo haibadilishwi tu kwa kuonyeshwa. Kuna mtihani wa maandishi na wa barabarani, na katika mji mdogo permi hiyo ndiyo hutangulia kazi. Baba na mama wote wawili waianze mapema.

Kuhama baada ya kufika

Viza ya mkimbizi ni ya kudumu tangu siku ya kwanza, na mwenye nayo ni huru kuhama. Ndiyo maana wengi hufunga mizigo mwezi wa tano au wa sita kufuata watu wa kabila lao au kanisa linaloabudu kwa Kiswahili. Hamu hiyo inaeleweka. Mzee asiyejua Kiingereza anaweza kunyauka mahali asipopata wa kuzungumza naye. Lakini huduma za mapokezi hudumu kati ya miezi 6 na 18 tu, na anayehama bila kumwambia mfanyakazi wake wa mapokezi anaweza kuzipoteza katikati. Anayelipwa fedha za kutafuta kazi naye aulize kwanza: akihamia mahali penye kazi chache zaidi bila sababu inayokubaliwa, malipo yanaweza kusimamishwa hadi majuma 26.

Wenye watoto wangoje Desemba, maana mwaka wa shule huanza mwishoni mwa Januari. Na wasihame kabla ya kutia sahihi kontra ya nyumba mpya. Kulala sebuleni kwa ndugu kumevunja undugu mwingi, kwa sababu kontra ya mwenyeji pia huweza kuvunjwa wakala akikuta watu kumi na wanne ndani.

Katika mji wowote, mkubwa au mdogo, namba 131 450 humpa mtu mkalimani wa Kiswahili kwa simu anapozungumza na ofisi ya serikali, bila malipo. Ukipata mkalimani wa Kenya au Tanzania ambaye Kiswahili chake hakikai vizuri masikioni mwako, mwambie aseme polepole, au uombe mwingine.

Kwa ninyi mliobaki huku: Perth iko mbele ya Goma kwa saa 6, na Brisbane kwa saa 8. Ukimpigia ndugu wa Brisbane saa mbili usiku, kwake ni saa kumi alfajiri, na huenda saa kumi na moja anaingia kazini. Mpigie saa tano asubuhi. Kwake ni saa moja jioni, watoto wamerudi, na mtazungumza vizuri juu ya nyumba na shule.