Uwanja wa Lumumba, Porte de Namur: Kwa Nini Siku Yetu ya Historia Itaanzia Hapo

Ndugu wapendwa wa ukoo wetu, mlioko Lubumbashi, Kigoma, Dar es Salaam, Montreal na hapa Ubelgiji,

Kamati ya mkutano imeniomba nieleze kwa maandishi kwa nini siku ya pili, tuliyoitenga kwa ajili ya historia na uhuru wa watu weusi, itaanzia Porte de Namur na si kwenye jumba la makumbusho la Tervuren. Najua jambo hili limezusha maneno. Wapo wazee walioapa kwamba hawatatia mguu katika nyumba iliyojengwa kwa jasho la mpira na pembe. Vijana nao husema kuwa watoto waliozaliwa ughaibuni wana haki ya kuiona. Mimi naona kila upande una hoja yake.

Porte de Namur lilikuwa lango la jiji la kale. Leo ni njiapanda yenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, na nyuma yake ndipo ulipo mtaa wa Matonge, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Wanafunzi wa Kikongo walianza kukaa huko miaka ya 1960. Yakafuata maduka, saluni za kusuka nywele, na sombe, au kisamvu kama wasemavyo ndugu zetu wa Dar es Salaam. Hata nyumba ya utamaduni ya Waflemi na Waafrika iliyoanzishwa mtaani humo iliitwa kwa neno la lugha yetu: Kuumba.

Yafaa ikumbukwe kwamba tarehe ya uhuru wetu ilipangwa katika jiji hili. Ilikuwa Januari 1960, katika Mkutano wa Meza ya Duara. Patrice Lumumba alikuwa gerezani. Wajumbe wa Kongo wakashikilia aachiliwe, naye akaletwa kwa ndege. Siku iliyokubaliwa ni 30 Juni. Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walikuwapo Brussels siku hizo, na hapa ndipo walipoutunga wimbo wa uhuru ambao wazee wetu hawawezi kuusikia wakabaki wameketi.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, si mbali na nyumbani kwetu. Mwili wake uliyeyushwa kwa tindikali ili asiwe na kaburi, na askari polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kazi hiyo akabaki na jino. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilitamka kwamba baadhi ya mawaziri wa wakati ule walibeba dhamana ya kimaadili. Hata hivyo, wanaharakati walioomba uwanja upewe jina lake walisumbuka miaka mingi katika manispaa ya Ixelles, yenye mtaa wa Matonge, bila kufanikiwa. Hatimaye Jiji la Brussels lilikubali, kwa upande wake wa njiapanda, na Uwanja wa Patrice Lumumba ukazinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Ni uwanja mdogo; mgeni aweza kuupita asijue. Miaka minne baadaye, tarehe 20 Juni 2022, lile jino lilikabidhiwa kwa wanawe katika Jumba la Egmont, mwendo mfupi kutoka hapo.

Upande mwingine, nao ni mwendo mfupi, Leopold wa Pili ameketi juu ya farasi tangu mwaka 1926. Someni maandishi yake kwa makini: yasema shaba na bati ya sanamu ilitoka Kongo, ikatolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga. Bure! Babu zetu walioichimba shaba ya Katanga hawakuulizwa kama wanaitoa zawadi.

Baada ya hapo tutakwenda Tervuren. Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa katika maonyesho, wengi wao wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Saba walifariki: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa. Ndani ya makumbusho, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018, ukuta mmoja una majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo katika enzi ya Leopold, na Mkongo hata mmoja hakuandikwa. Ukuta ni urithi unaolindwa, haukubomolewa. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa akayaandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha, na jua likiwaka vivuli vyake huangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Kwa hali ya hewa ya nchi hii, tuombe jua.

Tutakutana uwanjani saa 4 asubuhi. Kule Tervuren watoto watasoma majina saba makaburini, mbele ya ukoo wote. Kisha wapendao wataingia ndani. Wazee wasiopenda watabaki pale kanisani, na vijana wawili wamekwisha kuteuliwa kuwabebea viti na chupa za chai.