Lugha gani ya kigeni kwa kijana wetu?

Wazazi wengi wanajiuliza: mtoto akiingia sekondari, ajifunze lugha gani ya kigeni? Tutazame nyuma kidogo, maana swali hili si jipya katika Kongo.

Sheria ya koloni ya mwaka 1908 ilitaka amri zitangazwe kwa Kifaransa na kwa Kiflama. Lakini kazi za ofisi zilifanyika kwa Kifaransa, basi vijana walikifuata hicho. Katika seminari walisoma Kilatini pia, maana bila Kilatini hakuna aliyepata upadri. Stefano Kaoze, Mtabwa, alisomea Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1910 na 1911 maandiko yake ya Kifaransa juu ya fikira za Wabantu yalichapwa. Mwaka 1917 akawa padri wa kwanza wa Kongo ya Wabeljiji. Lugha za kigeni hazikumtenga na watu wake; alizitumia kuwaeleza.

Tena nyakati hubadilika. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ulifungulia lugha za watu mlango katika ibada, na Kilatini kikapungua. Mwaka 2008 jirani zetu wa Rwanda waliingiza Kiingereza shuleni mahali pa Kifaransa.

Kwa hiyo tusimchagulie mtoto lugha kwa ajili ya sifa tu. Tumwulize: unataka kazi gani? Utasema na nani? Tena tuangalie kama shule ina mwalimu anayeijua lugha hiyo kweli. Wala asidharau lugha ya mama yake: mwacha asili ni mtumwa.